Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Pumba za mchele hazina adabu. Upepo wa Mwanjelwa ukizibeba hazichagui uso wa mwalimu wala wa mgambo, na Jumanne ile zilimwingia machoni kijana mmoja mrefu mwenye miwani, shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi mpaka likawa na makali, na begi jeusi begani.

"Mamaa! Macho yangu!"

Ikupa akashusha ungo. Alitaka kuomba samahani, lakini neno likamkwama kooni, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ikupa Mwasomola alikuwa na miaka ishirini na sita na aibu ya mtoto wa miaka sita. Mteja akiuliza bei, alijibu huku anautazama mchele, kana kwamba mchele ndio ulioulizwa.

Aliyesema kwa niaba yake ni Yunisi, jirani yake wa meza. Yunisi alikuwa Msukuma wa Ubaruku, aliyeletwa Usangu na wazazi na ng'ombe wao angali mgongoni, na Mungu alimpa mdomo wa watu wawili.

"Pole kaka. Hizo ni pumba za Kyela, hazipofushi mtu. Nikupimie kilo ngapi?"

"Sinunui, dada yangu. Namtafuta mtu." Kijana alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Naitwa Sosthenes Kihwele. Nasoma Iringa, chuo kikuu. Nachukua masta ya habari na mawasiliano. Utafiti wangu ni wa kadi za salamu za redio: kwa nini hazijafa wakati kila mtu ana simu? Sasa kuna bibi mmoja wa hapa sokoni, anaitwa Ikupa Mwasomola."

"Bibi!" Yunisi akapiga makofi. "Mayu! Ni bibi?"

"Lazima awe mtu mzima. Nimehesabu kadi za miezi mitatu pale redioni, yeye peke yake ana sitini na moja. Na ujumbe wake haufanani na wa mtu mwingine. Maneno yale hayasemwi na mtu ambaye hajala chumvi."

"Simjui," Ikupa alisema upesi, akauinua ungo mpaka usawa wa pua.

Lakini saa kumi ya jioni ilikuwa imefika, na redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa haijui kutunza siri. Sauti ya Rabson, mtangazaji wa *Kapu la Salamu*, ikajaa mezani:

"Kadi ya kwanza, nani tena kama si yeye! *Mimi Ikupa Mwasomola, niko soko la Mwanjelwa, meza ya mchele inayotazamana na duka la majembe. Salamu zangu zimfikie Yunisi, hapa kushoto kwangu, apunguze kelele nisikie redio. Ujumbe: ukisifia wali, mtaje aliyepepeta.*"

Sosthenes akageuka. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la majembe. Akatazama kushoto: Yunisi alikuwa ameinama, anacheka mpaka machozi. Akautazama ungo, na juu ya ungo macho mawili makubwa yaliyokosa pa kukimbilia.

"Shikamoo bibi," akasema.

Ikupa alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka kama mchele unavyotoka kwenye gunia lililotoboka.

*

Ikupa aliishia darasa la tano. Mwaka ule mama yake alivunjika mgongo, na nyumbani Tukuyu hapakuwa na mtu mwingine wa kuchota maji. Mgongo ulipopona, darasa lilikuwa limeshaondoka bila yeye. Alichobaki nacho ni mwandiko mzuri na maneno mengi yasiyokuwa na mlango wa kutokea. Siku aliyonunua kadi ya kwanza ya salamu, akaandika jina lake na kulisikia likisomwa redioni, ndipo mlango ule ulipopatikana. Kwa mdomo alikuwa bubu. Kwa kadi alikuwa hamwogopi mtu.

Kwa hiyo Sosthenes alipoketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuweka kinasa sauti katikati yao, nusu saa nzima kilinasa kelele za soko tu.

"Ikupa, sema chochote."

Ikupa akautazama mchele.

"Hata kuhema nitaandika."

"Kaka mtafiti," Yunisi akadakia, "huyo ukimwambia aseme ni kama kumwambia ng'ombe apande ngazi."

Sosthenes alifikiri kidogo. Kisha akaenda dukani, akarudi na bunda la kadi tupu.

"Basi mimi nitauliza kwa mdomo, wewe nijibu kwa kadi."

Kabla ya kuanza alitoa fomu. Akasoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Ikupa alikuwa anaitika tu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaisikiliza sauti, si vifungu, maana sauti ya yule Mhehe ilikuwa inapanda na kushuka kama barabara ya kwao. Alipopewa kalamu, akatia sahihi.

Wiki mbili Sosthenes aliketi juu ya ile ndoo. Aliuliza kwa nini mtu mwenye simu mfukoni apeleke kadi redioni. Ikupa akaandika: *Simu inampelekea mtu mmoja salamu. Redio inalipeleka jina langu kwa watu wasionijua, na kesho wakinikuta sokoni mimi si mpita njia tena.* Sosthenes aliisoma kadi ile mara tatu, akaiweka kwenye mfuko wa shati badala ya begi.

Siku ya mwisho naye akaandika ya kwake, akaiacha juu ya mchele. *Mimi Sosthenes Kihwele, niko juu ya ndoo. Salamu zangu zimfikie aliyenitia pumba machoni. Ujumbe: sijaona vizuri tangu siku ile.*

Ikupa alijibu siku hiyo hiyo: *Kanawe uso, kisha urudi utazame tena.*

Akarudi. Na alipokuwa Iringa, alirudi kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ndizi."

"Wanyakyusa bwana! Na chai?"

"Na ndizi." Kwa simu Ikupa alikuwa ameanza kujifunza kuongea, maana simu haina macho. "Na wewe leo umesoma, au ulikuwa unakunywa ulanzi na Wahehe wenzako?"

"Nimeandika kurasa kumi. Nane ni maneno yako."

"Yatakuwa ndani ya kitabu?"

"Yatakaa maktaba, watu wayasome miaka hamsini."

"Na jina langu?"

Sosthenes akacheka, kile kicheko cha mtu aliyelewa mapenzi. "Ikupa wangu, wewe ndiyo kitabu chenyewe."

Ikupa aliridhika. Hakuona kwamba ameuliza swali na amepewa ua.

*

Mwezi wa tano Sosthenes alikuja Mbeya na tasnifu yake, imejalidiwa kwa muda kwa plastiki mgongoni, kurasa mia na ishirini. Alimwachia Ikupa aitazame wakati yeye amekwenda redioni kuwaaga. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini maneno ya watu aliyaacha kwa Kiswahili kama walivyoyasema.

Ikupa alinawa mikono kwanza. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kulitafuta jina lake. Alitafuta kama mtu anavyotafuta jiwe ndani ya mchele, mstari kwa mstari. Aliona majina ya wasomi wa Ulaya. Kwenye shukrani aliona jina la mkuu wa kituo cha redio. Aliona la Rabson mtangazaji. Ukurasa wa hamsini na mbili akakutana na maneno yake mwenyewe, yamekaa peke yake katikati ya karatasi kama mgeni wa heshima: *Ukisifia wali, mtaje aliyepepeta.* Moyo ukamruka. Akashusha kidole chini yake.

*R14, F, 26, Std V.*

Kiingereza hakukijua, lakini hayo hayakuhitaji mkalimani. Namba. Mwanamke. Miaka. Darasa la tano.

Akafunua tena. R14, Std V. R14, Std V. Mara kumi na tisa.

Sosthenes aliporudi, amebeba mahindi mawili ya kuchoma, alikuta tasnifu imefungwa na ungo umewekwa juu yake.

"Jina langu liko ukurasa wa ngapi?"

"Halimo, mpenzi. Ni kanuni ya utafiti. Wahojiwa wote tunawaficha majina. Ni kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

"Na... mtu yeyote."

"Sosthenes, jina langu linasomwa kila jioni, linasikika mpaka Tunduma. Unanilinda na nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Rabson anasoma tu kadi, yumo. Mimi niliyeandika simo."

"Fomu ilisema, kifungu cha nne. Ukatia sahihi."

"Nilitia sahihi kwa sababu ulikuwa unasoma wewe."

"Ikupa, msimamizi wangu hawezi kukubali..."

"Subiri. Jina umelificha, sawa, kanuni. Darasa la tano mbona umelianika mara kumi na tisa? Hilo halina kanuni?"

Sosthenes akayatazama mahindi.

"Unaona haya," Ikupa akasema. "Unataka maneno yangu, mwenyewe hunitaki mbele ya wenzako. Chukua kitabu chako. Na mahindi yako."

Simu aliizima. Sosthenes akapiga ya Yunisi mpaka ikaishiwa chaji.

"Shemeji," Yunisi akamwambia, "nimemwambia. Nimemwambia asubuhi, mchana, jioni. Anapepeta tu. Anapepeta mpaka mchele uliokwishapepetwa. Mimi naogopa."

Kibaya zaidi, kadi zikakoma. Siku ya nane Rabson aliuliza hewani: "Ikupa Mwasomola, uko wapi mama? Kapu letu limetoboka." Soko zima likamtazama. Ikupa akautazama mchele.

Lakini kukaa kimya kwa kuona haya na kukaa kimya kwa hasira ni vitu viwili. Cha kwanza alikuwa amekizoea. Cha pili kilimchoma ulimi. Kwenye kalenda ya mezani ilikuwapo tarehe aliyoizungushia wino zamani, penzi likiwa bado tamu: siku Sosthenes atakapotetea tasnifu yake Iringa, mbele ya watu, mlango wazi kwa yeyote.

"Nishikie meza kesho," akamwambia Yunisi.

"Unakwenda kwa Sosi? Mayu, asante Mungu!"

"Siendi kwa mtu. Naenda kulichukua jina langu."

*

Aliondoka na basi la alfajiri. Alivaa kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, sweta zito, na viatu vya kanisani. Chimala ikapita, Makambako ikapita, na Mafinga misonobari ikapita kwa mistari kama watoto wa shule. Iringa alishuka stendi ya bondeni, akakodi bajaji kuupandisha mlima mpaka mjini. Baridi ilimuuma masikio. Mlangoni mwa ukumbi walimpa daftari la wageni. Penye jina akaandika *Ikupa Mwasomola*, yote, bila kufupisha. Penye cheo akafikiri, kisha akaandika *Mpepetaji*.

Akaketi kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Sosthenes alikuwa mbele, suti nyeusi, tai imekaa upande. Alikuwa amekonda. Hakumwona. Ukutani taa ya projekta ilikuwa imeandika, kubwa kama dirisha: *Ukisifia wali, mtaje aliyepepeta. R14.* Alieleza kwa Kiingereza karibu nusu saa, watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Kisha akasimama mtahini kutoka chuo kingine, Profesa Didas, mzee mnene mwenye koti la kahawia. Alianza kwa Kiingereza, halafu akakiacha, akaingia Kiswahili kama mtu anayekunja mikono ya shati.

"Bwana Kihwele, tuongee kama watu. Huyu namba kumi na nne wako nimemsoma mara tatu. Anauza mchele, darasa la tano. Halafu anaeleza tofauti ya simu na redio kuliko mimi ninavyoifundisha. Niambie kweli: ulimkuta au ulimtunga?"

"Nilimkuta, Profesa."

"Wahojiwa wengine wana sauti zilizorekodiwa. Yake iko wapi?"

"Alikataa kurekodiwa. Aliandika kwa mkono wake."

"Vizuri. Tuone mwandiko."

Sosthenes aliweka mkono juu ya lile begi jeusi. Hakulifungua.

"Kila kadi ina jina lake. Nilimwahidi kwa maandishi kwamba halitaonwa na mtu ila mimi."

Dokta Evarista, msimamizi wake, mama mwenye kilemba cha zambarau, akainama mbele. "Sosthenes, hapa ni jopo. Toa kadi mwanangu."

"Dokta, ahadi haikusema ila jopo."

"Unajua mtu anayetunga wahojiwa anafanywa nini?" Profesa akauliza.

"Anafukuzwa."

"Na bado hutoi?"

"Mwenyewe amenikasirikia kwa ahadi hiyo hiyo. Haongei na mimi. Lakini hajanifungulia, na mimi sina haki ya kujifungulia. Andikeni mnavyoona."

Ikupa alikuja na hasira yake imekunjwa vizuri kama kitenge ndani ya begi. Sasa aliisikia ikikunjuka. Kumbe hakuwa anamwonea haya. Alikuwa amelishika jina lake kama mtu anavyoshika yai, na alikuwa tayari kupoteza joho la shahada kuliko kulidondosha jina lile. Lakini hata hivyo, jina halikuwa lake kulishika. Na hilo hakuna mtu ukumbini mle wa kulisema, ila mmoja.

Akasimama. Watu wakageuka, vichwa vyote, miwani yote. Akafungua mdomo na neno likakwama palepale linapokwamaga.

Basi akafanya analolijua. Akatoa kadi mfukoni mwa sweta, akaegemea mgongo wa kiti, akaandika. Jopo zima lilimsubiri. Hakuharakisha. Alipomaliza, akaiinua kadi usawa wa macho ili asiuone uso wa mtu, akasoma kwa sauti:

"*Mimi Ikupa Mwasomola, niko Iringa, ukumbini, kiti cha nyuma karibu na mlango. Salamu zangu zimfikie Profesa mwenye koti la kahawia, ajue kwamba namba kumi na nne alipewa jina na wazazi wake kabla hajapewa namba. Zimfikie Dokta mwenye kilemba, ajue kwamba fomu yake ina mahali pa mtu kufichwa, haina mahali pa mtu kukataa kufichwa. Salamu za mwisho zimfikie Sosthenes Kihwele. Nimemfungulia. Atoe kadi. Ujumbe...*" Akanyoosha kidole ukutani. "*Ujumbe ni ule pale.*"

Sosthenes alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa tai.

Bunda la kadi likatoka begini. Profesa Didas akaomba na ile mpya, akazilaza pamoja mezani, akalinganisha mwandiko herufi kwa herufi. Alichukua muda. Kisha akamtazama Ikupa juu ya miwani.

"Darasa la tano?"

"Ndiyo. Na msilifute." Safari hii hakusoma popote. "Liacheni lilivyo. Sasa lina mwenyewe."

Mzee akacheka mpaka koti likatikisika. "Dokta Evarista, mimi nina sahihisho moja tu."

"Nalijua," Dokta akasema. "Fomu mpya. Na kifungu cha tano nitakiandika mimi." Akamgeukia Sosthenes. "Lakini hilo la kwamba haongei na wewe, bwana, kwenye tasnifu sikuliona. Na sitaki kuliona. Kalimalizeni nje."

*

Nje upepo ulikuwa unavuruga majani ya mijakaranda. Sosthenes alimkuta amesimama juani, anapasha mikono.

"Ikupa. Nilikosea."

"Ulikosea."

"Uliniuliza jina, nikakujibu utamu."

"Ndivyo. Na mimi nilikosea. Nilidhani unaona haya."

"Haya? Mama yangu kule Idodi anajua mpaka namba ya kiatu chako." Akameza mate. "Nilitaka nikishapita nikuulize jambo. Utaolewa na mimi?"

Watu walikuwa wanapita, wanawatazama. Mwezi mmoja nyuma angetamani ardhi ipasuke. Sasa alimnyooshea tai iliyokaa upande.

"Umeniuliza kwa mdomo, wakati unajua mimi mtu wa namna gani. Andika kadi. Kwa jina langu lote. Na asome Rabson."

"Mbeya nzima isikie?"

"Mpaka Tunduma."

Ijumaa iliyofuata, saa kumi ya jioni, Yunisi aliongeza sauti ya redio mpaka ikakwaruza. Muuza majembe alitoka dukani. Wauza nyanya walisogea.

"Kadi ya kwanza," Rabson akasema, na sauti yake ikabadilika. "*Mimi Sosthenes Kihwele, niko Iringa. Salamu zangu zimfikie mtu mmoja tu, Ikupa Mwasomola wa Mwanjelwa, mpepetaji. Ujumbe: naomba unioe, au nikuoe, tutaelewana njiani.*"

Soko likalipuka. Yunisi alipiga vigelegele mpaka kuku wa meza ya nne wakakata kamba. Simu ya Ikupa ikaanza kulia kwenye mfuko wa aproni, na juu ya kioo jina likawa linawaka: *Sosi*.

"Pokea!" Yunisi akapiga kelele. "Dada, pokea, mtoto wa watu atakufa!"

Ikupa hakupokea. Alimalizia ungo uliokuwa mkononi, maana mchele ulioanza kupepetwa hauachwi na pumba. Kisha akanawa mikono, akachukua kadi tupu, akaandika jina lake kwanza, kubwa, kutoka ukingo mpaka ukingo. Chini yake akaandika:

*Salamu zangu zimfikie Sosthenes Kihwele wa Iringa. Ujumbe: nimekubali. Na jina silibadili.*